Maswali ya Wasomaji: Kuyapata Mahitaji ya Mteja Kabla ya Kumjengea Mfumo

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa watu watatu tofauti, wawili kati yao ni washauri wa mifumo ya taarifa na mmoja ni mteja, lakini zote zinauliza juu ya hatua moja ya kazi, nayo ni ile ya mwanzo kabisa, wakati mshauri anapotafuta kujua mfumo unatakiwa ufanye nini.

*Assalaamu alaykum. Mimi ni kijana niliyesomea tehama na nimeanza kazi ya ushauri hapa Chake Chake. Kampuni moja inayonunua mwani kutoka kwa vikundi vya akina mama ilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kumbukumbu za manunuzi na malipo. Nilikutana na wakurugenzi mara kadhaa, nikawauliza wanataka nini, nikaandika waraka wa mahitaji na wakautia saini. Nilipowapelekea programu, karani wa mizani alisema hawezi kuitumia, mhasibu alisema makato hayamo, na mkurugenzi akasema hicho sicho alichokiomba, ingawa saini yake ipo. Malipo ya awamu ya pili yamezuiwa. Nifanye nini sasa, na safari nyengine niyakusanye vipi mahitaji ili yasinifike haya?*
— Msomaji, Chake Chake

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Nianze na lililo mbele yako. Usiende kwa mkurugenzi na waraka wenye saini mkononi ukitaka kumshinda kwa hoja, kwa sababu hata ukishinda, mfumo utabaki bila ya kutumika na jina lako litatajwa pamoja nao. Mwombe kikao kimoja ambacho karani wa mizani na mhasibu watakuwepo, mpitie programu kwa kutumia karatasi za kweli za manunuzi ya siku moja, na muandike kila mahali inapokwama. Kila mtakaloliandika litaingia katika fungu moja kati ya mawili: yale yaliyomo katika waraka nawe hukuyatekeleza sawasawa, ambayo utayarekebisha bila ya malipo, na yale ambayo hayakuwamo kabisa, ambayo mtakubaliana bei na muda wake. Mteja akiona unakubali yaliyo juu yako, huwa mwepesi wa kukubali yaliyo juu yake.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Uliwauliza wakurugenzi wanataka nini, nao wakakujibu kwa ukweli. Lakini mkurugenzi anaijua kampuni yake kwa ripoti: tani ngapi zimeingia ghalani, fedha kiasi gani zimetoka, msafirishaji anadai nini. Namna gunia moja linavyopokelewa, likapimwa, likakatwa na likalipwa, anaijua karani, kwa sababu kazi hiyo ikiharibika hulaumiwa yeye. Mahitaji ya mfumo hukaa hapo kazi inapofanyika, na mshauri asiyefika hapo huandika mahitaji ya ripoti akadhani ameandika mahitaji ya kazi.

Jambo hili limeziangusha taasisi kubwa kuliko kampuni ya mteja wako. Mwaka 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kupanga gari lipi liende kwa mgonjwa yupi. Tarehe 26 Oktoba, siku ulipoanza kutegemewa kwa jiji zima, taarifa za mahali yalipo magari zilianza kupotoka, simu zikarundikana na wagonjwa wakacheleweshewa msaada; siku chache baadaye mfumo ulisimama kabisa na wafanyakazi wakarejea kwenye karatasi. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka uliofuata ilitaja sababu nyingi, za kiufundi na za uongozi, lakini miongoni mwake ni kwamba mfumo ulitegemea kupata taarifa karibu timilifu kutoka kwenye magari, na kwamba wafanyakazi waliotakiwa kuzileta taarifa hizo hawakushirikishwa vya kutosha katika kuubuni. Waliobonyeza vitufe barabarani hawakuwa wametoka katika chumba kimoja na waliopanga vitufe hivyo vibonyezwe lini.

Kwa biashara ya mwani, tazama kalenda ya maji kabla ya kalenda ya vikao. Wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, akina mama wako mashambani baharini. Ukiwaita kikaoni siku hizo watakuja wasiokuwa na shamba. Kipindi cha maji mafu, yasipokupwa sana, ndicho cha kukaa nao na kuzungumza. Siku ya mizani nenda mwenyewe kijijini, ukae kando ya karani tangu gunia la kwanza mpaka la mwisho, uandike unachokiona, na usimfundishe mtu kitu siku hiyo.

Hapo utaona mambo ambayo hakuna kikao cha afisini kingeyatoa. Mama mmoja ameleta gunia lake pamoja na la jirani yake anayeuguza, na malipo yanatakiwa yagawike kwa wawili. Mwani wa mwengine haujakauka vizuri, karani anapunguza kilo kwa makadirio, na kwa kuwa daftari halina safu ya jambo hilo, ameliandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) walizokopeshwa wakulima zinakatwa katika malipo kidogo kidogo, lakini hazikatwi kila mara, kwa sababu karani anamjua aliyefiwa na wiki hii hamkati. Aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii, zina bei mbalimbali, na bei mpya inaweza kufika wakati mzigo wa bei ya zamani haujaondoka kijijini. Gunia lililopimwa hapa litapimwa tena ghalani, na uzito hautalingana, maana mwani huendelea kukauka njiani. Kila moja kati ya haya ni hitaji la mfumo. Nayaamini makusudi maandishi ya pembezoni mwa madaftari kuliko maelezo ya mtu yeyote, kwa sababu mwenye kuandika pembeni ni mtu aliyekutwa na jambo la kweli ambalo utaratibu haukulipangia nafasi. Basi omba daftari lenyewe, la msimu uliopita na la sasa, pamoja na stakabadhi zilizofutwa na zilizokatwa, na uulize juu ya kila alama usiyoielewa.

Kuna mambo mawili ambayo programu zilizotengenezwa kwa mfano wa nchi nyengine huyakosea hapa kwetu. La kwanza ni majina. Wengi wetu huandikwa kwa jina la mtu, la baba na la babu, na katika shehia moja unaweza kuwakuta watu kadhaa ambao majina yao mawili, na pengine hata matatu, yanafanana. Ukiweka nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo peke yake, siku ya malipo utampa mtu haki ya mwenzake. Muulize karani anawatofautisha vipi. Atakwambia kwa jina la utani, au kwa jina la mume, au kwa kikundi, na hapo ndipo utaamua pamoja naye kama mfumo utumie nambari ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au nambari ambayo kampuni itaitoa yenyewe. La pili ni saa. Karani akiandika kwamba mzigo umepokelewa saa mbili, anakusudia saa mbili ya asubuhi kwa hesabu yetu, ilhali kompyuta itaisoma kuwa ni saa nane ya usiku. Ni jambo dogo la kulipanga mwanzoni, na ni tabu kubwa kulisafisha baada ya msimu mzima wa kumbukumbu.

Juu ya namna ya kuuliza, nitarefusha kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wenye elimu nzuri wanapopotea. Usiulize, "Kwa kawaida mnafanyaje?" Jibu la swali hilo ni utaratibu kama ulivyotakiwa uwe. Uliza, "Mara ya mwisho mkulima alipolalamika kwamba amepunjwa, ilikuwaje?" Mtu akisimulia tukio moja lililokwisha kutokea, atakutajia nani alikuja, karatasi gani ilitafutwa, ilipatikana wapi au haikupatikana, na nani aliamua. Vilevile mteja akikwambia, "Nataka programu ya simu ili kila mkulima aone malipo yake," ujue kwamba amekutajia dawa na bado hajakutajia ugonjwa. Huenda tatizo ni kwamba stakabadhi haimrudii mkulima siku ileile, na hilo linaweza kutatuliwa kwa kikaratasi kilichochapwa mizanini, bila ya kumtaka mama asiye na simu ya intaneti awe nayo.

Vitabu vya fani yetu hufundisha mbinu iliyoenea kutoka kampuni ya Toyota ya Japani, ya kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo mpaka ufike kwenye asili ya tatizo. Mbinu ni nzuri, lakini ukimfululizia mtu mzima wa Kipemba "kwa nini" tano, tena mbele za watu, atahisi unamhoji kama mshitakiwa, na atakujibu kwa kifupi ili umwache. Uliza "ikawa vipi hapo?", "na kabla ya hapo?", "na angekuwa hayupo yeye, nani angefanya?" Utafika palepale, na heshima yake itakuwa haikuguswa.

Heshima inafanya kazi pia kwa upande mwengine. Katika kikao chenye mkurugenzi, karani hatampinga bosi wake hata kama anayosikia hayafanani na kazi aifanyayo, na kunyamaza kwake usikuhesabu kuwa ni kukubali. Zungumza na kila ngazi peke yake kwanza, kisha ulete tofauti ulizozikuta mbele ya wote bila ya kumtaja aliyesema: "Nimekuta njia mbili za kukata deni la kamba, kampuni inataka ipi iwemo katika mfumo?" Kwa njia hiyo mkurugenzi anaamua jambo linalohusu mamlaka yake, na karani hajavunjiwa adabu wala hajamvunjia mtu. Na kwa kuwa wakulima wa mwani kwa sehemu kubwa ni wanawake, tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara huku Zanzibar mwaka 1989, chukua mwenzako wa kike akakae nao wakiwa peke yao. Akina mama watayasema kwa mwanamke mwenzao, juu ya mizani na juu ya malipo yanayopitia mikononi mwa wanaume, mambo ambayo kwako wewe wangeyafunika kwa shukurani.

Ukisharudi, andika. Hitaji lililoandikwa vizuri linamtaja anayefanya, anachofanya, katika hali gani, na namna ya kulipima. "Mfumo uwe wa haraka na rahisi" ni dua. Si hitaji, kwa sababu hakuna siku mtakayoweza kukubaliana kwamba limetimia. Lakini ukiandika, "Karani aweze kumaliza kuingiza taarifa za gunia moja kabla ya gunia linalofuata halijawekwa mizanini, hata kama hakuna mtandao, na taarifa hizo zifike afisini siku hiyohiyo simu itakapopata mawimbi," umeandika jambo ambalo mtasimama kijijini wewe na mteja mkalitazama kwa macho. Ongeza hesabu za mfano: mama ameleta kilo kadhaa za aina hii, bei ni hii, deni la kamba lililobaki ni hili, basi mkononi anapata hiki. Mhasibu ambaye hatasoma kurasa 40 za waraka wako ataisoma hesabu hiyo moja na atakwambia papo hapo ilipokosewa. Chora na skrini kwa mkono kwenye karatasi. Watu huogopa kukosoa programu iliyokwisha kupambwa, lakini mchoro wa kalamu huwa hawauogopi.

Si yote yatakayoingia kwa safari moja. Mtaalamu Dai Clegg, alipokuwa katika kampuni ya programu ya Oracle mwaka 1994, alipanga mahitaji katika madaraja manne ambayo yanatumika mpaka leo: ambayo ni lazima, ambayo yanapaswa kuwemo, ambayo yangependeza yakiwemo, na ambayo kwa sasa hayatakuwemo. Daraja la nne ndilo linalosahauliwa na ndilo litakalokulinda wewe, kwa hivyo liandike waziwazi na lisomwe kwa sauti kikaoni. Na saini isiwe ya mkurugenzi pekee. Karani wa mizani na mhasibu nao watie zao.

Utaniambia kwamba yote haya yanachukua muda na mteja halipii muda huo. Basi tenganisha mkataba. Hatua ya kukusanya mahitaji iwe kazi kamili yenye bei yake na zao lake, ambalo ni waraka ambao mteja anaweza kumpelekea hata mshauri mwengine akitaka. Mmarekani Barry Boehm, aliyechunguza gharama za kutengeneza programu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1981, alionesha kwamba kosa linaloachwa kutoka hatua ya mahitaji mpaka mfumo uanze kutumika hugharimu mara nyingi zaidi kulirekebisha, hasa katika miradi mikubwa. Mteja wako hana haja ya kumjua Boehm. Mwoneshe hesabu ya malipo yaliyozuiliwa sasa, na ya msimu ambao ataendelea kutumia madaftari ilhali ameshalipia programu.

*Mimi ni mjumbe wa kamati ya skuli binafsi iliyopo Wete. Tumemwajiri mshauri atutengenezee mfumo wa ada na matokeo ya wanafunzi. Ametuletea waraka mrefu wa mahitaji kwa lugha ya Kiingereza cha kitaalamu na anataka tuutie saini ndani ya siku mbili ili aanze kazi. Mwalimu mkuu anasema tumwamini kwa sababu yeye ndiye mtaalamu. Je, tutie saini?*
— Mjumbe wa kamati, Wete

Msitie saini, na msione haya kukataa. Mshauri ni mtaalamu wa mifumo. Wataalamu wa skuli yenu ni nyinyi, na saini mnayoombwa ni ushahidi kwamba ameielewa skuli yenu, jambo ambalo hakuna mwengine awezaye kulithibitisha. Kiwango cha kimataifa cha kuandika mahitaji ya mifumo, ISO/IEC/IEEE 29148, kilichotolewa mwaka 2011 na kupitiwa upya mwaka 2018, kinataka kila hitaji liwe bayana, lisibebe maana mbili, na liweze kuthibitishwa. Hitaji ambalo mwenye kutia saini hawezi kulisoma limeshaanguka katika sharti la mwisho. Mwambieni kwa upole aulete waraka kwa Kiswahili, na kama anataka wa Kiingereza ubaki kwa ajili ya mafundi wake, ubaki, lakini wa Kiswahili ndio uwe na nguvu mkikhitilafiana.

Kisha mpeni visa vitatu kutoka skulini kwenu, aoneshe mbele ya kamati nzima mfumo utavishughulikia vipi. Mimi ningechagua hivi: mwanafunzi ambaye ada yake analipa mjomba aliyeko Uarabuni, kwa mafungu yasiyolingana, naye ana wadogo zake wawili hapohapo skulini, mwanafunzi aliyehamia katikati ya muhula na matokeo yake ya nyuma yako kwenye karatasi, na mwalimu aliyekosea kuingiza alama, akagundua baada ya ripoti kuwafikia wazazi. Mhasibu, mwalimu wa darasa na karani wa usajili wawepo. Mkisikia jibu la "hilo tutaliona baadaye," liandikeni katika waraka kwa maneno hayohayo, pamoja na tarehe ya baadaye hiyo.

Kuna na mambo ambayo hayamo katika kazi ya kila siku na kwa sababu hiyo hakuna anayeyataja. Umeme ukikatika itakuwaje? Wenye kumbukumbu wanajua kwamba Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya kuharibika njia inayouleta chini ya bahari kutoka Bara. Afisi iliyokuwa na orodha zake ndani ya kompyuta pekee ilikuwa na tabu kuliko iliyokuwa na nakala ya karatasi. Takeni waraka useme orodha zipi zitachapishwa na kila baada ya muda gani. Taarifa za watoto zitahifadhiwa wapi, nani anaruhusiwa kuziona, na mkiachana na mshauri huyu mtakabidhiwa zote katika hali ambayo mwengine anaweza kuzisoma? Hili la mwisho naliona ni zito kuliko mengine yote yaliyomo katika barua yako, kwa sababu skuli inaweza kuvumilia mfumo mbovu mwaka mmoja, lakini haiwezi kuvumilia kupoteza kumbukumbu za wanafunzi waliokwisha kuondoka.

*Naishi Mjini, Unguja. Mteja wangu ana matawi mengi na mimi ni mmoja. Je, naweza kukusanya mahitaji kwa dodoso la kutumwa kwenye simu za wafanyakazi badala ya kuwatembelea?*
— Msomaji, Mjini Magharibi

Dodoso linafaa kuhesabu jambo ambalo umeshalijua. Kugundua jambo ambalo hujalijua haliwezi, kwa sababu maswali yake yametoka kichwani mwako. Tembelea kwanza matawi mawili yasiyofanana, tuseme moja lenye wateja wengi hapo Darajani na jengine la shamba lenye mfanyakazi mmoja anayefanya kila kitu. Yale utakayoyakuta huko yageuze kuwa maswali machache, uyatume kwa matawi yaliyobaki ili ujue ni mangapi yanayofanana na lipi kati ya hayo mawili. Usiyatume Ijumaa mchana, na mwezi wa Ramadhani yatume asubuhi. Swali la mwisho liache wazi, umtake mfanyakazi aandike jambo moja analolifanya kila wiki ambalo halimo katika fomu yoyote ya afisi, na kila atakayelijibu swali hilo kwa urefu umpigie simu siku hiyohiyo.